Duka la chupa Nakuru ambalo hawakuuzii kifuniko mpaka wapime shingo

Wacha niseme mapema ndio usiende ukashangaa, hili duka si la bei ya chini, na laini yake Jumatatu asubuhi inaweza kukutoa jasho, lakini kwa kazi moja ya kutafutia chupa kifuniko chake halisi sijaona mahali pengine hapa Nakuru wanaifanya kwa makini hivi, na nimezunguka. Iko mitaa ya karibu na soko la Wakulima, unapanda ngazi nyembamba kando ya duka la mbegu, juu hapo ndio wako. Bango lenyewe limefifia huwezi soma. Lakini ukiuliza wale wenye kupaki sabuni na asali, wote wanaijua kama kwa mzee wa chupa.

Mimi napaki asali ya Baringo na mafuta ya nywele, na dada yangu yuko Kisumu anauziwa mzigo na mimi halafu anasukuma pale Kibuye, kwa hivyo vitu vyangu vinalala kwa keria, vinashushwa, vinapandishwa tena, vinakaliwa na magunia ya watu, na kama kifuniko hakijashika sawasawa habari naipata kwa simu, dada ananiambia lebo zimeloa mafuta na katoni imelainika chini. Nani atanunua mafuta ya nywele kwa chupa yenye inateleza mkononi? Hakuna. Na hayo yakimwagikia begi la abiria mwingine utalipa hio begi. Ndio maana mimi mambo ya vifuniko nayachukulia kwa uzito na najua kuna watu wanafikiri ni kitu kidogo, si kidogo, unaweza kuwa na asali safi kabisa na ikakuharibia jina juu ya plastiki ya bob nne.

Sasa shida iko hapa. Karibu kila duka ukienda kuuliza kifuniko wanakuuliza ya ngapi, unasema 28, unapewa pakiti imeandikwa 28, unalipa, kwaheri. Na hio 28 ni nusu tu ya habari. Hio ni upana wa shingo kwa milimita, ukipima nje ya thredi, ile mistari iliyoinuka ya kuzungushia kifuniko, upande huu mpaka upande ule, basi. Haikuambii thredi inazunguka mara ngapi wala shingo ina urefu gani. Namba kamili huwa mbili, 28/400, 28/410, 28/415, na hii ya pili ndio watu wanaruka. Kwa 400 thredi inazunguka shingo mara moja, 410 mara moja na nusu, 415 mara mbili, na vile mizunguko inaongezeka ndivyo shingo inarefuka. Shingo ya 28/400 kutoka mdomo mpaka bega la chupa ni karibu milimita 10, ile ya 28/410 ni karibu 18. Upana ni ule ule! Kwa macho tu ukiwa umeshika kifuniko peke yake bila chupa huwezi kuwa na hakika.

Chukua basi kifuniko cha 410 uvalishe chupa ya 400. Kitaingia. Kitazunguka vizuri bila kukwama, halafu kitasimama na mkono utakuambia kimekaza. Hakijakaza, ni ukingo wake wa chini umegonga bega la chupa na ndani ile laina, kile kiduara laini cha kuziba mdomo, bado haijagusa mdomo, kuna nafasi hapo katikati ya kutosha mafuta kupita polepole usiku kucha. Ukigeuza mambo, kifuniko cha 400 kwa shingo ya 410, hapo laina inaweza kufika mdomoni na kuziba kabisa, ukipindua chupa hapo dukani hakuna tone, lakini kimeshikilia thredi kidogo tu na chini kumebaki shingo uchi, sasa peleka hio kwa barabara uone. Duka moja, na sitalitaja, liliniuzia mfuko mzima wa namna hii na niliporudi na chupa mkononi kuwaonyesha wakaniambia eti nikaze na nguvu. Kukaza na nguvu ndio kunaua thredi.

Kwa hawa wa Wakulima ukifika kaunta swali la kwanza ni, "Mama, chupa uko nayo?" Kama huna, dada wa pale anakuambia kwa heshima kabisa uende uilete, hata kama unajua namba yako, hata kama una haraka, na mwanzoni hio inaudhi watu, nimeona mwanaume mmoja akiondoka amekasirika na pesa yake mkononi. Lakini angalia vile anafanya ukiwa nayo. Anatoa vanya, kile kipimo cha kubana kitu, ile ya chuma ya kusoma kwa mistari si ya betri, anabana shingo juu ya thredi, anasoma. Anageuza chupa robo, anabana tena, anasoma tena. Nilimuuliza mbona mara mbili akaniambia shingo ya plastiki inaweza kuwa yai, yaani si duara kamili, na ukipima upande mmoja tu utadanganyika. Chupa yangu ya asali ilisoma 27.4 upande mmoja na 27.3 ule mwingine na nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba mtengenezaji amenipunja, akacheka, "Hio ndio 28 mama. Ikisoma 28 kamili ndio utaniona nikikunja uso." Na ni kweli, hizo namba ni za kuita tu, shingo yenyewe huwa ndogo kidogo kuliko jina lake, ya 24 utapata 23 na nusu hivi, ya 38 utapata 37. Kwa hivyo wewe ukiwa nyumbani na rula ya mtoto wa shule ukapata 27 usiende kutafuta vifuniko vya 27, utazunguka mji mzima.

Baada ya upana anapima urefu, ule mkia mwembamba wa vanya anausimamisha kwa bega mpaka mdomoni. Halafu anapitisha kidole gumba nje ya shingo akifuata thredi kutoka pale inaanza akihesabu mzunguko. Mwisho anakupeleka kwa ubao. Huu ubao ndio kitu ninapenda zaidi kwa hio duka: kipande cha plaiwudi ukutani, wamekata shingo za chupa kwa msumeno, wakazifunga na skrubu kwa safu, kila moja imeandikwa chini na maka peni, 18, 20/410, 24/410, 28/400, 28/410, 38, 63, 70, na kando ya kila shingo kifuniko chake kinaning'inia kwa uzi. Unajaribu mwenyewe. Unavalisha cha 410 kwa 400 unasikia kabisa vile kinagonga, na hio sauti ukishaisikia mara moja hutawahi kudanganywa tena na muuzaji yeyote. Ningekuwa na uwezo kila duka la chupa kutoka hapa mpaka Busia lingelazimishwa kuwa na huo ubao.

Pale pale kwa ubao wameweka shingo mbili za chupa za soda za plastiki, na hizi ni muhimu sana kwa sababu watu wengi huku wanapaki kwa chupa zilizotumika. Zote mbili ni za 28 na zote ni za soda lakini si kitu kimoja. Kuna ya zamani inaitwa 1810, shingo yake ndefu, milimita 21, na kuna hii mpya 1881 ambayo viwanda vilihamia ili kuokoa plastiki, yake ni fupi, 17. Thredi zao hazilingani, mwinamo ni tofauti, na hakuna hata moja inakubali kifuniko cha 28/400. Kwa hivyo ukiona mtu anakuuzia vifuniko "vya 28 vinaingia chupa yoyote ya soda" kimbia. Chupa za maji ndio usiseme, nyingi siku hizi ziko na shingo fupi pana ya 30 hivi, huko ni kwingine kabisa.

Na wale wa asali ya barabarani, mnaijua, ukipita Marigat unaipata imejazwa kwa chupa za pombe kali zilizooshwa. Mzee mwenye duka alinieleza kitu hapo nikaona maana. Kile kifuniko cha alumini cha chupa ya pombe hakitoki kiwandani kikiwa na thredi, kinakuja kikiwa laini kama kikombe, kinawekwa juu ya chupa na mashine inakifinya kwa magurudumu mpaka kinachukua alama ya thredi za ile chupa ilioko chini yake. Yaani kila kifuniko kimefinywa juu ya chupa yake. Ukichanganya vifuniko na chupa kwa beseni la kuoshea ndio mwanzo wa kuvuja, na vile kilishafunguliwa ile ringi ya chini imekatika mnunuzi hana njia ya kujua kama kimefunguliwa tena. Duka hili hawauzi hizo kabisa na hawana mpango wa kuuza, na mimi nakubaliana nao.

Kwa mitungi ya mdomo mpana mambo ni mafupi. Ukiwa unapaki pinati bata ama jemu, jua kwamba 63 ya glasi na 63 ya plastiki ni majirani tu, si ndugu. Ya glasi inachukua kile kifuniko cha bati chenye vijino vinne ndani ambacho unazungusha kidogo tu kinanasa, ya plastiki inataka kifuniko cha kuzungusha thredi kamili. Bati haliingii kwa plastiki. Na usijaze jemu ya moto kwa mtungi wa plastiki wa kawaida, hizo za PET, plastiki ile ya chupa za soda, zikifika nyuzi 70 na kitu zinaanza kulegea, shingo inakunjika kidogo ambayo huwezi ona, halafu unalaumu kifuniko. Hata asali ikiganda, ile ya kuweka chupa kwa maji yanayochemka ndio unaharibu shingo, maji ya vuguvugu ya kama nyuzi 40 yanatosha, subiri.

Kuhusu laina, hapa ndio dada wa kaunta aliniokolea pesa. Nilikuwa nataka zile sili za foili kwa sababu zinapendeza na zinaonyesha kitu hakijafunguliwa. Akaniuliza, "Mashine ya kuzichoma uko nayo?" Sikuwa nayo. Foili ya aina hio haishiki yenyewe, inachomwa na mashine inayopasha hio foili moto kupitia kifuniko bila kukigusa, na bila mashine ni kipande cha karatasi kinachezacheza ndani. Kuna nyingine ya kubandika kwa kufinya, hio haihitaji mashine, lakini mdomo wa chupa lazima uwe mkavu kabisa, tone moja la mafuta ama asali hapo kwa ukingo na haitashika. Angeweza kuniuzia ile ya bei kali na angekuwa hajavunja sheria yoyote. Nikachukua laina ya kawaida ya povu kwa mafuta, na ya kubandika kwa asali, na sasa najaza asali kwa faneli ndefu inayoshuka ndani ya shingo ili ukingo usiguswe.

Sasa nifike kwa kitu ambacho watu wa Nakuru na Kisumu tunapaswa kukiongea zaidi, milima. Nakuru tuko karibu mita 1,850. Mzigo ukitoka hapa unapita Salgaa unapanda mpaka Mau Summit, huko ni zaidi ya mita 2,400, halafu unateremka Londiani, Kericho, Ahero, unaingia Kisumu kwa mita 1,130 hivi na joto lake lile. Hewa uliofungia ndani ya chupa hapa Nakuru ikifika Mau inapanuka kwa sababu nje hewa imepungua nguvu, inasukuma kifuniko kutoka ndani, na kama chupa imelala basi kinachotoka kwanza si hewa, ni mafuta. Ukiteremka Kisumu inageuka, nje kuna nguvu kuliko ndani, chupa inanywea mbavu na kuvuta hewa ya nje kupitia pale pale palipovuja. Chupa inapumua kama kifua cha mtu. Kifuniko sahihi kinaizuia isipumue, kifuniko cha karibu karibu hakiwezi. Ndio sababu unapindua chupa dukani Nakuru inakaa sawa dakika tano halafu inafika Kisumu imeloa na kila mtu analaumu matatu. Na wale wanaojaza Kisumu wakituma Nakuru ama Eldoret wao wana shida kubwa kuliko yetu kwa sababu mzigo wao unapanda na kubaki juu.

Hii ya milima ni mzee alinieleza, si kwamba nilisoma mahali, na alinipa na jaribio lake, nakupa bure: jaza chupa mafuta ukiwacha nafasi ya kidole juu, funga, ilaze kwa karatasi kavu ya kahawia, halafu ifinye kwa mikono miwili kama unakamua huku ukihesabu pole pole mpaka kumi. Karatasi ikipata doa hata dogo kama kichwa cha pini hio chupa na hicho kifuniko haziendi Kisumu pamoja. Fanya kwa chupa kadhaa za katoni si moja. Na usijaze mpaka mdomoni, joto la Kisumu litapanua mafuta na lazima yapate pa kwenda.

Mabaya yao, kwa sababu siwezi kusifu tu. Bei kwanza, kifuniko kimoja unaweza kulipa bob moja ama mbili zaidi kuliko kule kwingine, na ukichukua kidogo hawapunguzi. Rangi ni chache, nyeupe, nyeusi, na dhahabu ikiwa na bahati, ukitaka kijani ya kuendana na lebo yako utangoja. Vifuniko vya 38 vya chupa za juisi na maziwa vinaisha kila mara na hawakupigii simu vikija ingawa wanaandika namba yako kwa kitabu, hio imenikera na nimewaambia uso kwa uso. Pampu za losheni wanauza lakini ule mrija wa ndani hawakukatii, unakata mwenyewe nyumbani, na watu wengi hawajui inafaa ikatwe mshazari na ifike chini bila kukunjika, hapo wangeweka mkasi tu kwa kaunta wangesaidia. Saa saba mpaka saa nane wanafunga kwa chakula, wote, na mlango unafungwa hata kama umetoka Molo na matatu mbili. Kwa ngazi hizo mtu mwenye shida ya miguu hawezi kupanda, nimeona dada wa kaunta akishuka chini na vanya yake kumpimia mama mmoja chupa akiwa amekaa kwa boda, vizuri sana, lakini haifai iwe hivyo.

Kitu kimoja kinafunika mengi kati ya hayo: wanakubali kurudishiwa. Nilipochukua mzigo wa 24/410 wa mafuta, vile vya kufungua kwa kidole gumba, pakiti moja ilikuwa na vifuniko vimetoka kiwandani na bawaba imechanika kidogo, ukifungua mara kadhaa kinang'oka. Nilirudi nayo ikiwa imeshafunguliwa, dada hakuniuliza risiti wala maswali ya polisi, alichukua kimoja akakifungua na kukifunga mbele yangu mpaka kikakatika, akanipa pakiti nyingine, na akaenda stoo kuangalia zilizobaki za katoni hio hio. Aliporudi alikuwa ametoa nyingine mbili za kuweka kando. Mimi nimenunua vitu kwa huu mji miaka mingi na huo uaminifu sio wa kawaida.

Nyota nne kwa tano, ya tano wataipata wakianza kupiga simu kama wanavyoahidi. Ukienda beba chupa mbili si moja, za tofauti kidogo kama unazo, zikiwa tupu, zimeoshwa na zimekauka, na ubebe na kifuniko cha zamani hata kama kimekufa thredi kwa sababu dada anaweza kusoma kitu hapo. Uende Jumatano ama Alhamisi mchana kuanzia saa nane. Lipa kwa simu, chenji ya noti huwa ni shida. Na ukipata wana 38 nyeupe chukua hata na za jirani yako.